Mliopanda meli za Mto Nile: nani alizidonoa zile nyuso kwenye mahekalu ya Misri?

#1 MstaafuWaKirumba
Habari za jioni wakuu.

Mwezi uliopita mimi na mama watoto tulijilipua. Kiinua mgongo kimeingia, vijana wanasema mzee nendeni mkaone dunia, tukaenda Misri. Tukapanda meli ya kitalii pale Luxor, tukalala ndani mara nne hadi Aswan. Mchana mnashushwa kuona mahekalu, mkirudi mnakuta taulo kitandani limekunjwa sura ya mamba. Sisi watu wa Mwanza tumezoea kuyaona haya maji yakiwa ziwa. Kuyakuta kule yamebanwa na jangwa kushoto na kulia, yametulia kama mkwe ukweni, kulinigusa.

Sasa kilichonileta. Tumeona Karnak, tumeona Edfu na Kom Ombo, tukamalizia Philae. Kazi ya wale watu sina la kuongeza. Lakini pale Edfu nilisimama ukutani nikashangaa. Mungu mwenye kichwa cha mwewe kachongwa vizuri, halafu mwili mzima umedonolewa. Sisemi umevunjwa. Umedonolewa, vishimo vidogo vidogo kama mtu aliyeugua tetekuwanga. Uso, mikono, miguu. Na yale maandishi ya picha pembeni yake hayajaguswa hata moja! Hatua tatu mbele unamkuta mwenzake mzima kabisa, hana hata mkwaruzo.

Nikauliza. Mtembezaji wetu akasema ni Wakristo wa zamani. Mzee mmoja Mjerumani tuliyekuwa naye meza moja akasema ni Firauni mpya anamfuta aliyetangulia. Mlinzi wa hekalu, baada ya bakshishi, akanionyesha kwa mikono kwamba ni wanawake. Akashika tumbo lake, akacheka, akaondoka.

Watu watatu, majibu matatu. Nani mkweli? Picha nitaweka kesho.

#2 Kinyesho_Original
Siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 UstaadhWaTandika
Mzee shikamoo. Nimesoma Kairo miaka sita, hiyo safari nimeifanya mara mbili, zote kwa kitambulisho cha mwanafunzi maana tiketi za makumbusho unalipa nusu.

Mtembezaji wako yuko sahihi. Kaizari wa Roma, Theodosius, alipiga marufuku ibada za miungu ya kale mwaka 391, mahekalu yakafungwa. Baada ya hapo mengi yaligeuzwa makanisa. Pale Philae hukuona misalaba iliyochongwa kwenye nguzo? Ile sehemu ilifanywa kanisa la Mtakatifu Stefano. Na ng'ambo ya Luxor, hekalu la malkia Hatshepsut linaitwa Deir el-Bahari. Deir kwa Kiarabu ni nyumba ya watawa. Watawa waliishi mle ndani.

Sasa jiweke kwenye nafasi yao. Unalala, unasali, na ukutani kuna mtu mwenye kichwa cha mamba anakutazama. Kwao zile hazikuwa picha, yalikuwa majini. Unamtoa macho na mikono ili asikufanye kitu. Maandishi hayakuwasumbua kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua tena kuyasoma.

#4 DadaWaKinondoni
Kuhusu kutoyasoma, Ustaadh, maandishi ya mwisho kabisa ya aina ile yanayojulikana yako hapo hapo Philae, yana tarehe ya 24 Agosti 394. Yaani miaka mitatu BAADA ya hiyo amri yako mtu bado alikuwa anachonga kwa raha zake. Hiyo marufuku haikufika kila mahali siku moja.

#5 UstaadhWaTandika
Ni kweli dada, nimekubali. Philae ilichelewa sana kwa sababu watu wa Nubia waliokuwa mpakani walikuwa wanamwabudu Isis, mungu wa kike wa pale, na Warumi waliwekeana nao mkataba wawaachie. Ilikuja kufungwa wakati wa Kaizari Justiniani, karne ya sita. Lakini hoja yangu kuhusu Wakristo inabaki pale pale.

#6 FundiMawe_Same
Mimi sijafika Misri na sijui makaizari. Nimechonga mawe miaka 22, kwa hiyo naomba nizungumzie kazi.

Mtu mwenye hasira hadonoi. Mtu mwenye hasira anachukua nyundo kubwa, anapiga pua, anapiga kichwa, ameshachoka, anakwenda kunywa maji. Hicho mzee anachoeleza, vishimo vidogo vinavyofuata umbo la mwili bila kuvuka mpaka kwenda kwenye maandishi, hiyo ni tindo na mkono uliotulia. Mtu mmoja mzima wa ukubwa wa binadamu kumdonoa hivyo ni kazi ya masaa. Ukuta mzima ni miezi. Na kama ziko juu umefunga jukwaa, na jukwaa ni mbao, na Misri mbao ni ghali tangu enzi hizo.

Kwa hiyo swali langu kwa Ustaadh: nani alilipa? Hiyo ni kazi ya mkataba, si ya fujo.

#7 Kinyesho_Original
Fundi kaingia na BOQ, makadirio ya gharama kabisa 😂😂 Tuma na ya kutolea.

#8 jangwa_la_chalbi
Salamu kutoka Marsabit. Fundi umesema vizuri lakini jukwaa si lazima. Hayo mahekalu yalikuwa yamefukiwa! Edfu ilijaa mchanga karibu hadi juu, watu wakajenga nyumba zao juu ya paa la hekalu bila shida. Mfaransa Auguste Mariette ndiye alianza kulifukua mwaka 1860. Kwa hiyo mtu alikuwa anasimama juu ya mchanga, uso wa mungu uko mbele ya uso wake, anagonga anavyotaka.

Ushahidi mwingine, nendeni hekalu la Luxor. Juu yake kuna msikiti wa Abu Haggag. Mlango wake wa zamani sasa unaning'inia hewani mita kadhaa kutoka chini. Waliujenga wakati ardhi ilikuwa pale juu. Walipofukua hekalu mlango ukabaki hauna pa kukanyaga.

#9 Mpemba_Muscat
Asalaam alaykum. Huo msikiti nimesali. Na kwa wasiojua, hilo jina Luxor ni Al-Uqsur, ndiyo hilo hilo neno letu kasri, wingi wake. Waarabu walipofika wakaona nguzo zile wakadhani ni makasri ya wafalme. Kwa hiyo mzee umekwenda Makasri ukarudi hukujua.

#10 MstaafuWaKirumba
Ahsante Mpemba, hilo nilikuwa silijui na nililala hapo siku mbili.

#8 hoja ya mchanga nzuri, lakini nilichokiona mimi za chini kabisa, usawa wa goti langu, zimedonolewa pia. Na zile kubwa za pale getini mbele, ambazo ukitazama shingo inauma, nazo zimepigwa. Kama aliyezipiga alisimama juu ya mchanga, za chini alizifikiaje?

#11 jangwa_la_chalbi
Labda walikuja mara mbili. Mchanga haukujaa kwa siku moja.

#12 FundiMawe_Same
Au walikuja mapema kabla ya mchanga, na jukwaa walikuwa nalo. Narudi palepale: mkataba.

#13 Mwl_Historia_Iringa
Nawaona mnamsahau Mjerumani wa meza moja. Mafirauni wenyewe walikuwa mabingwa wa kufutana. Akhenaten alipoleta ibada ya mungu mmoja, jua, aliamuru jina la mungu wa zamani, Amun, likwanguliwe nchi nzima. Alipokufa na yeye akakwanguliwa. Malkia Hatshepsut alitawala miaka kama ishirini, alipokufa tu Thutmose III, mtoto wa mumewe, kwa chuki akabomoa sanamu zake zote na kufuta sura yake ukutani. Wivu wa madaraka, hakuna kipya chini ya jua.

#14 DadaWaKinondoni
Mwalimu, "alipokufa tu" si kweli. Kufuta kulianza mwishoni mwishoni mwa utawala wa Thutmose, miaka ipatayo ishirini baada ya malkia kufa. Chuki gani inayosubiri miaka ishirini? Wengi wanaona alikuwa anamsafishia njia mwanawe arithi bila maswali. Na kuna utafiti wa 2025 unaosema sanamu nyingi za Hatshepsut zimekatwa shingoni, kiunoni na magotini kwa mpangilio, kama ilivyofanyika kwa sanamu za wafalme wengine ambao hakuna aliyewachukia. Ni kama kuzima kifaa. Sanamu kwao ilikuwa na nguvu, ikistaafu inazimwa. Na vipande vingine vilivunjwa na watu wa baadaye waliotaka mawe tu.

#15 MstaafuWaKirumba
Ikistaafu inazimwa 😀 Dada nimeshikwa na ubaridi hapa nilipo.

#16 Mwl_Historia_Iringa
Nimepokea masahihisho. Ila wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza nimewafundisha wivu miaka kumi, sijui nianzie wapi.

#17 DadaWaKinondoni
Kuna tatizo moja kwenye hoja ya mafirauni hata hivyo. Edfu ilianza kujengwa mwaka 237 kabla ya Kristo na kumalizika 57 kabla ya Kristo, chini ya akina Ptolemaio, ambao asili yao ni Wagiriki. Ukoo huo ulikwisha na Cleopatra chini ya miaka thelathini baadaye. Sasa firauni gani aliyefuata wa kuwafuta? Hatshepsut na Akhenaten wametangulia zaidi ya miaka elfu moja. Kwa Karnak na Deir el-Bahari sawa. Kwa Edfu haiingii.

#18 mtoto_wa_Kariakoo
Mnahangaika bure, ni Napoleon. Alipiga mzinga pua ya lile sanamu la simba lenye kichwa cha mtu, askari wake wakamalizia mengine. Kila mtu anajua.

#19 jangwa_la_chalbi
"Kila mtu anajua" ndiyo shida yenyewe. Napoleon alifika Misri 1798. Kuna Mdenmaki anaitwa Norden alichora lile sanamu mwaka 1737 na kwenye mchoro pua haipo. Napoleon alikuwa hajazaliwa. Na mwanahistoria wa Kairo, al-Maqrizi, karne ya 15 alishaandika habari za sufi mmoja aliyeiharibu mwaka 1378 baada ya kuona wakulima wanaitolea sadaka. Halafu vishimo vya Edfu ni vya tindo. Mzinga haudonoi.

#20 mtoto_wa_Kariakoo
Sawa, Napoleon samahani. Kwa hiyo ni Waislamu?

#21 Mpemba_Muscat
Ndugu yangu taratibu. Huyo ni mtu mmoja na pua moja. Msikiti wa Abu Haggag umekaa juu ya hekalu karne na karne na nguzo za pembeni zimesimama. Angetaka mtu kubomoa angebomoa.

#22 UstaadhWaTandika
Tusiende huko, mods watafunga uzi.

#23 MamaPili_Tanga
Nimesoma kote naona wanaume mmemruka mlinzi. Mlinzi ndiye kasema la maana.

Mimi ni mkunga. Nilikwenda na kundi la kanisa, tulianzia Aswan tukashuka na mto hadi Luxor. Ukipita kuta za nje za mahekalu angalia usawa wa mkono wako. Kuna mifuo mirefu kwenye jiwe, laini, kama mtu alikuwa ananoa kisu. Ni vidole na vifaa vya watu waliokwangua jiwe kupata unga. Unga wa jiwe takatifu unachanganywa na maji, unanywewa. Wagonjwa, na zaidi wanawake wanaotafuta mtoto. Imefanyika enzi za miungu yao, ikaendelea chini ya Ukristo, ikaendelea chini ya Uislamu. Dini ilibadilika, tumbo lisiloshika mimba halikubadilika.

Na mnaocheka, nendeni soko lolote hapa mtaona udongo wa kula umepangwa mafungu, nani ananunua? Wajawazito wangu nawakuta nao kwenye mkoba kila kliniki.

#24 Kinyesho_Original
Nilikuwa nacheka. Nimeacha.

#25 FundiMawe_Same
Mama heshima yako. Hiyo mifuo naikubali kabisa, jiwe la mchanga linakwanguka hata kwa ukucha wa chuma. Lakini mfuo ni mfuo na kidonoo ni kidonoo. Mtu anayetaka unga anakwangua sehemu moja mpaka ishuke. Hahangaiki kufuata mkono wa mungu hadi kwenye vidole. Naona tunazungumzia vitu viwili kwenye ukuta mmoja.

#26 MamaPili_Tanga
Au anataka unga wa mungu fulani na si wa ukuta. Ukitaka mtoto unakwangua maandishi ya kodi?

#27 FundiMawe_Same
Hapo umenishika.

#28 wa_Githurai
Mimi nilifanya hiyo trip 2022. Mambo ya miungu sijui, lakini nina malalamiko. Edfu mnapandishwa mikokoteni ya farasi kutoka gatini hadi hekaluni. Farasi wetu alikuwa amekonda mbavu zinahesabika, mwenye mkokoteni anamchapa huku ananiuliza kama najua Mohamed Salah. Kurudi akadai pesa mara mbili ya tuliyoelewana, "ya farasi". Nikamwambia nionyeshe farasi akila kwanza. Niliteremka nikatembea.

Na kitu kingine cha ajabu, meli zinaegeshwa ubavu kwa ubavu, tano sita. Ya kwenu ikiwa ya mwisho mnapita ndani ya mapokezi ya meli zote kufika nchi kavu. Nilipotea nikakunywa chai kwenye meli isiyo yetu na mandazi nikapewa.

#29 MstaafuWaKirumba
😂 Hiyo ya kupita mapokezi kweli kabisa. Na pale Esna, meli inaingia kwenye boma la zege, mageti yanafungwa, maji yanajazwa meli inapanda. Huku chini wachuuzi wako kwenye vimashua wanakurushia kanzu na mashuka hadi sitaha ya juu. Ukilipenda unaweka pesa ndani ya mfuko unarusha chini. Mama watoto alirusha ukaingia majini. Tulilipa mara mbili.

#30 MhandisiMaji_Dodoma
Mzee #1 samahani nakuharibia. Hayo hayakuwa maji ya Mwanza. Asilimia kama 85 ya maji yanayofika Aswan yanatoka milima ya Ethiopia. Ya Ziwa Victoria yakifika kile kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, karibu nusu yanapaa na jua.

#31 MstaafuWaKirumba
Niache na furaha yangu kijana. Nusu iliyobaki ni ya Kirumba.

#32 Mwana_wa_Beni
Bandugu, na siye tuko humo. Semliki yetu inaingia Ziwa Albert, inaenda hivyo hivyo mpaka Misri. Mutuwekee asilimia yetu.

#33 wa_Githurai
Nubians wa Aswan si ndio wale wale wa Kibera?

#34 UstaadhWaTandika
Hapana mkuu. Wa Kibera ni wazao wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za Waingereza, walichanganyika makabila mengi, na Kinubi chao ni Kiarabu kilichorahisishwa. Wanubi wa Aswan wana lugha zao za kale, na wengi wao walihamishwa vijiji vilipozama chini ya maji ya Bwawa Kuu la Aswan, lile lililokamilika 1970. Mahekalu yaliokolewa kwa kukatwa vipande na kujengwa upya. Abu Simbel ilipandishwa mita 65 juu kati ya 1964 na 1968. Philae ilihamishiwa kisiwa cha Agilkia, ikafunguliwa 1980. Vijiji havikukatwa vipande. Vilizama.

#35 DadaWaKinondoni
Hiyo Ustaadh wangekuwa wanaitaja kwenye meli wakati wanapiga ngoma za Kinubi baada ya chakula.

Na kwa kuwa umetaja Abu Simbel, yale majitu manne ya Firauni Ramses II pale mbele, moja halina kichwa, kimelala chini. Hakuna aliyelipiga. Ni tetemeko la ardhi la kale. Walipohamisha hekalu wakahamisha na kichwa, wakakilaza chini vile vile kilivyokuwa.

#36 mtoto_wa_Kariakoo
Ramses si ndiye aliyepewa pasipoti akapanda ndege kwenda Ufaransa? Kazi: mfalme (marehemu).

#37 jangwa_la_chalbi
Maiti yake ilikwenda Paris kutibiwa ukungu, 1976, hilo kweli. Ile picha ya pasipoti inayozunguka imetengenezwa na msanii kwenye kompyuta. Wewe leo hutoki salama.

#38 Mwl_Historia_Iringa
Turudi. Nimekaa nimefikiria swali la Fundi la nani alilipa. Kanisa la Misri karne ya tano na sita lilikuwa na mashamba, lilikuwa na watawa wengi wanaofanya kazi za mikono bila mshahara. Watawa hawahitaji mkataba. Ukiwa mtawa unapewa ukuta kama toba yako, unadonoa taratibu huku unasali zaburi. Hapo unapata mkono uliotulia NA imani.

#39 UstaadhWaTandika
Mwalimu hapo umeniokoa.

#40 DadaWaKinondoni
Inapendeza, lakini ni dhana yako Mwalimu. Mimi nina nyingine. Wamisri wenyewe waliamini sanamu inapumua kwa pua na kupokea sadaka kwa mkono. Ukitaka kuizima unapiga pua na mkono. Anayejua hilo ni Mmisri aliyekulia ndani ya imani ile, hata kama jana kabatizwa. Kwa hiyo waliodonoa huenda ni Wakristo kwa jina, lakini waliofuata mwongozo wa makuhani wa zamani.

#41 MamaPili_Tanga
Na wake zao nje wanakwangua unga.

#42 FundiMawe_Same
Maneno yamekuwa mengi. MstaafuWaKirumba uliahidi picha tangu #1. Nataka moja ya karibu, mwanga wa ubavuni. Vishimo vikiinamia upande mmoja nitakwambia kama mpigaji alitumia mkono wa kulia, na kama ni mtu mmoja au kumi. Watu kumi wana vidonoo kumi tofauti.

#43 MstaafuWaKirumba
Picha ziko simu ya mama watoto. Nimefungua sasa hivi. Ziko 412. Zote yeye yuko mbele, ukuta uko nyuma umefifia.

#44 Kinyesho_Original
😂😂😂 Firauni aliyefuata kamfuta aliyetangulia.

#45 Nyakato_Mama
Nimesajiliwa leo kwa ajili ya uzi huu. Ni mimi mama watoto. Ningepiga ukuta saa ngapi na mzee alikuwa kivulini nje anabishania bei ya kanzu? Aliingia tukiwa tunatoka, huo mwewe wake kauona dakika mbili.

Fundi, kuna moja haijafifia, niliinamia kufunga kiatu simu ikajipiga. Ni mungu wa chini kabisa ukutani. Miguu imedonolewa hadi magotini, halafu basi. Juu mzima, hadi uso. Kama waliitwa kwenda kula na hawakurudi.

#46 FundiMawe_Same
Mama shikamoo. Hiyo hiyo iweke. Usiipunguze ukubwa.